MALI BILA DAFTARI
Shule za uongozi na ujasiriamali katika Jinja na Mbale

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa jeshi na wa polisi, mliopumzika baada ya kazi za mchana na nyinyi mlioko zamu saa hizi, mmekwisha kusikia habari, na sasa ni wakati wa maelezo yetu. Jambo tulilolichagua leo halihusu mipaka wala mikutano ya wakuu wa nchi. Ni jambo la nyumbani, nalo lagusa mshahara wa kila mmoja wenu mwenye mtoto. Twataka kuzungumza juu ya shule za watu binafsi, za msingi na za kidato cha chini, ambazo hunadi kwamba pamoja na kusoma na kuhesabu humfundisha mtoto uongozi na ujasiriamali, yaani ujuzi wa kuanzisha shughuli yake mwenyewe na kuiendesha.

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi huviona vibao vya shule kando ya barabara, vingine vimepakwa rangi jana, vingine vimekwisha kupauka kwa jua. Jinja na Mbale zote mbili zilipewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, na kadiri miji inavyokua, ndivyo shule za kulipia zinavyoongezeka. Sababu zake zajulikana. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 1997, watoto waliokuwa shuleni wakapanda katika mwaka mmoja kutoka kiasi cha milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano. Hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa kwa taifa, kwa maana mtoto wa maskini aliingia darasani. Lakini madarasa yalifurika, mwalimu mmoja akakabiliwa na watoto mia na ushei, na mzazi mwenye chochote mfukoni akaanza kutafuta mahali pengine.

Askari ni miongoni mwa wazazi hao, naye ana shida ambayo raia wengi hawaijui. Leo yuko Jinja, mwakani yuko Karamoja, mwaka unaofuata yuko Somalia katika kazi ya kulinda amani. Mama ndiye abakiye na watoto. Karo hukatwa katika mshahara, au hukopwa katika vyama vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, halafu deni hulipwa mwezi baada ya mwezi. Mtu alipaye karo kwa deni ana haki ya kuuliza anunua nini. Akiuziwa kiatu atakikunja soli, akiuziwa ng'ombe atamtazama meno. Je, akiuziwa uongozi na ujasiriamali, atatazama nini?

Swali hili si la mchezo. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa katika masomo manne tu: Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii. Baraza la mitihani halimwulizi hata swali moja juu ya namna ya kuongoza wenzake au kuendesha duka. Katika kidato cha chini mambo yamebadilika kidogo. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 uliweka ujasiriamali kuwa somo la hiari, ukakifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika miaka ya mwanzo, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024, huku sehemu ya alama zao ikitokana na kazi walizozifanya shuleni mwao. Lakini katika shule ya msingi hakuna cheti kitakachomwonyesha baba kwamba mwanawe amejua kuongoza. Shule husema yenyewe, na yenyewe hujipa alama.

Basi sisi twasema hivi: ikiwa hakuna mtihani, kiko kipimo kingine, na kipimo hicho kimo katika methali yetu ya zamani isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto hufunzwa uongozi na biashara pale tu anapokabidhiwa kitu cha kweli, akakitunza, akakiandika, na mwishowe akasimama mbele ya wenzake kukitolea hesabu. Penye daftari la namna hiyo pana mafunzo. Pasipo na daftari pana kibao tu.

Ili tuone uzito wa neno hili, yafaa turudi nyuma kidogo katika historia ya sehemu hizi hizi za mashariki.

Wakati wa ukoloni elimu ya uongozi ilikuwako, lakini ilikuwa ya wachache. Chuo cha Busoga kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1911, kikahamia kilima cha Mwiri karibu na Jinja mwaka 1933. Upande wa Mbale ilikuwako Nabumali. Huko wana wa machifu na vijana waliobahatika walijifunza kuwa viranja, kusimamia mabweni, kusema mbele ya watu. Milton Obote, waziri mkuu aliyeipokea Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, alipita Mwiri. Lakini shule za namna hiyo zililenga kutoa makarani, walimu, wachungaji na machifu. Hazikulenga kutoa mwenye kiwanda wala mwenye duka kubwa. Biashara ya mijini na mashine za kuchambulia pamba zilikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu, na utaratibu wa leseni uliwafungia Waafrika mlango kwa miaka mingi.

Na jeshini je? Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na makao yake Jinja. Vijana wetu walipigana Burma, wakatumikia Kenya, wakapanda hadi cheo cha sajini meja; lakini Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa kamili, Shaban Opolot na Idi Amin, walipewa mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru. Hebu fikirini. Miaka sitini ya jeshi la kikoloni, na maofisa wa wananchi wawili. Mtu alifunzwa kutii tangu asubuhi hadi jioni, lakini kufikiri kwa niaba ya wenzake hakufunzwa. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara mizuri na vyeo kwa Waafrika. Baada ya hapo vyeo vilitolewa haraka haraka, na wengi walipanda ngazi ambazo hawakuwahi kutayarishwa kuzipanda. Taifa lililipa gharama kubwa kwa haraka hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti, akiwa mbele ya askari katika kambi ya Tororo, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini. Walipewa siku 90. Amri iliwakumba na wengine wengi, na ilipofika Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda. Maduka ya Jinja, mji uliokuwa fahari ya viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, yaligawiwa. Maduka ya Mbale nayo yaligawiwa. Wengi wa waliogawiwa walikuwa watu wa magwanda.

Leo hatutaki kurudia hadithi za kuwacheka watu hao. Husimuliwa kwamba mwenye duka mpya, akiulizwa bei ya shati, alisoma namba ya kola akaitaja kuwa ndiyo bei. Liwe kweli au utani, maana yake ni moja. Aliyegawiwa duka aliikuta bidhaa rafuni, akaiuza, akala fedha, na rafu ilipobaki tupu hakujua bidhaa ile ilitoka wapi, iliagizwaje, wala ni sehemu gani ya fedha iliyokuwa faida na ni sehemu gani iliyokuwa mtaji. Hakuwa mpumbavu. Hakuna aliyemfundisha. Hata sukari ya Kakira, iliyokuwa ikitoka kilomita chache tu nje ya Jinja, iliadimika, na Uganda iliyokuwa na miwa tele ikawa yapanga foleni ya sukari. Ilibidi itungwe sheria ya mwaka 1982 ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na jamaa ya Madhvani warudi Kakira, ndipo mashine zikaanza kufufuliwa.

Funzo la 1972 kwa mzazi askari ni kwamba duka laweza kutolewa kwa amri ya siku moja, lakini ujuzi wa kuliendesha hautolewi kwa amri. Huo hujengwa polepole, na yafaa uanze kujengwa mtoto angali mdogo, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

Wala tusidhani kwamba Mwafrika wa mashariki hakuwahi kuujua ujuzi huo. Mbale yenyewe ni shahidi. Mwaka 1954 wakulima wa kahawa wa mlima Masaba waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kikawa na makao yake Mbale, na kahawa yao ya arabika ikajulikana katika masoko ya ng'ambo. Mkulima ambaye hakukanyaga sekondari alijifunza kusimama mbele ya mizani, kudai risiti, kumchagua katibu wa chama na kumwuliza hesabu katika mkutano mkuu. Chama hicho kilipita katika misukosuko mingi, na mara nyingi penye msukosuko mlikuta kwamba hesabu hazikueleweka, au kwamba wanachama walikuwa wameacha kuuliza. Mambo mawili, uongozi na biashara, yalikuwa yamefungwa katika kitanzi kimoja. Kilipolegea kimoja, cha pili nacho kililegea.

Sasa tuingie darasani. Shule ya msingi ifundishayo mambo haya kwa haki hufanyaje? Haihitaji mashine wala majengo ya fahari. Huwapa watoto wa darasa la tano kitalu cha sukumawiki, au kuku ishirini, au kibanda kidogo cha kuuzia madaftari na kalamu. Huwapa mtaji mdogo, na mtaji huo ni deni. Watoto humchagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha. Kila kitokacho huandikwa, na kila kiingiacho huandikwa. Kuku akifa huandikwa amekufa, na sababu yake hutafutwa. Mwisho wa muhula deni hulipwa kwanza, kisha hutazamwa kilichobaki, na wanachama wote huamua pamoja kama wagawane au waongeze kuku. Halafu viongozi huondoka madarakani, wengine huchaguliwa, na daftari hukabidhiwa kwao mbele ya watu.

Hapo mtoto hujifunza hesabu za kutoa na kujumlisha zenye maana, ambazo hata mtihani wa taifa utamkuta amezielewa. Hujifunza kwamba fedha iliyo mkononi si faida yote. Hujifunza kwamba mwenyekiti naye huulizwa. Na hujifunza jambo kubwa kuliko yote, kwamba kukosea kunaweza kuandikwa na kusahihishwa bila kufichwa.

Ndugu askari, mambo haya si mageni kwenu hata kidogo. Pengine nyinyi mwayaelewa kuliko watu wengine. Askari polisi hawezi kupokea shauri kituoni bila kuliandika katika daftari la matukio, kwa saa na kwa jina. Bunduki haitoki katika ghala la silaha bila sahihi, na hairudi bila kuhesabiwa risasi. Anayepokea zamu huhesabu kabla ya kukubali, kwa kuwa akishakubali lawama ni yake. Mmeishi na daftari maisha yenu yote ya kazi. Kwa hiyo nyinyi ndio wazazi msiopaswa kudanganywa na shule isiyokuwa nalo.

Kuhusu uongozi pia mnajua tofauti ambayo wengi hawaijui. Ziko shule zidhanizo kwamba kufundisha uongozi ni kumvisha mtoto tai ya kiranja, kumpa fimbo, na kumruhusu awachape wadogo zake. Huyo hafunzwi uongozi, afunzwa uonevu. Koplo mwema huwaongoza watu wake tisa au kumi kwa kuwajua kwa majina, kwa kujua nani ana homa na nani amepata barua mbaya kutoka nyumbani, kwa kula wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mwulizeni mwalimu mkuu kiranja wake hufanya nini. Akisema huandika majina ya wapigao kelele, bado. Akisema husimamia foleni ya chakula na yeye mwenyewe hula mwisho, basi mpelekeeni mtoto wenu.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: hayo yote yana ushahidi gani? Je, mafunzo ya namna hii humletea mtu riziki kweli? Ushahidi upo, na umetoka hapa hapa Uganda. Mwaka 2013 ilifanyika kambi ya mafunzo ya wiki tatu kwa wanafunzi wa kidato cha sita. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha California, waliwafuatilia vijana wapatao 4,400 waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa zaidi hesabu, fedha na mipango ya biashara. Kundi jingine lilifundishwa zaidi namna ya kupatana na watu, kushawishi kwa maneno, na kujitawala wakati wa hasira. Kundi la tatu halikufundishwa. Baada ya miaka mitatu na nusu waliofundishwa walikuwa na kipato kilichozidi kile cha wenzao kwa kiasi cha asilimia 30, na tofauti baina ya makundi mawili yaliyofundishwa ilikuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba tabia njema ya kuishi na watu ina thamani ya fedha sawasawa na hesabu. Vijana hao walikuwa wakubwa, ni kweli, na hatuwezi kuchukua namba hiyo tukambandika mtoto wa darasa la tatu. Lakini njia imeonekana.

Liko pia shirika la Educate!, ambalo tangu mwaka 2009 limekuwa likifundisha uongozi na ujasiriamali katika shule za sekondari za Uganda, na wanafunzi wake huunda vikundi vya biashara shuleni. Na katika mji wa Iganga, uliomo njiani baina ya Jinja na Mbale, iko jumuiya ya Musana iliyoanza mwaka 2008 kuwa makao ya watoto wenye shida. Baadaye watoto walirudishwa kuishi na jamaa zao, na mahali pale pakawa shule ya watu wote wa mji, huku shughuli kama kuoka mikate na kufuga zikisaidia kuiendesha kazi. Huo ni mfano wa kutazamwa. Shule ifundishayo ujasiriamali ikiwa yenyewe haiwezi kusimama bila bakuli la kuombea, mtoto ataamini kipi, maneno ya mwalimu au bakuli?

Hata hivyo, kazi yetu si kusifu tu. Ziko hatari, nazo hapana budi zitajwe.

Hatari ya kwanza ni kumgeuza mtoto kibarua. Mtoto wa kambini aliyetumwa na mama yake kuuza mandazi kabla ya kengele, au anayezungusha sinia la karanga stendi ya mabasi usiku, tayari anaijua biashara kwa upande wa jasho. Shule ikimwongezea jembe na kumnyang'anya kipindi cha kusoma, imemwibia. Kitalu cha kujifunzia hutosha kwa saa chache katika wiki. Kikizidi hapo, na mazao yakielekea nyumbani kwa mwenye shule, ulizeni.

Hatari ya pili ni shule isiyofuata sheria. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 yataka shule ya binafsi ipate leseni kwanza, kisha usajili. Novemba 2016 Mahakama Kuu mjini Kampala iliunga mkono amri ya serikali ya kuzifunga shule 63 za kampuni ya Bridge International Academies zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Kampuni hiyo ilikuwa na fedha na wafadhili wenye majina makubwa duniani. Walimu wake walisoma somo kutoka katika kompyuta ndogo ya mkononi, maneno yakiwa yameandikwa mbali na wao. Wazazi walikuwa wamekwisha kulipa, na watoto wakabaki katikati ya mabishano. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo yaweza kutikisika, sembuse shule ya vyumba vinne.

Hatari ya tatu ilionekana wakati wa ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Watoto wapatao milioni 15 waliguswa, na hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu zaidi. Walimu wa serikali waliendelea kupokea mishahara. Walimu wa shule za binafsi, ambao mshahara wao watoka katika karo, wengi hawakupata kitu. Wakaingia katika bodaboda, wakafyatua matofali, wakauza nyanya. Shule nyingine hazikufunguliwa tena. Wakati ule kila mwenye shule alipimwa bila kutaka. Aliyekuwa ameweka akiba, aliyekaa na walimu wake akawaeleza ukweli wa hesabu na kugawana nao kidogo kilichopatikana, huyo alionyesha kwamba uongozi na ujasiriamali anavijua. Aliyezima simu na kutoweka, huyo naye alionyesha alichokuwa nacho.

Basi, ndugu wasikilizaji, mzazi aende shuleni na maswali manne. Swali la kwanza: leseni na usajili viko wapi, naomba niione karatasi. Swali la pili: daftari la mradi wa watoto liko wapi, na ni mtoto yupi atakayenieleza yaliyomo, mwalimu akitaka kueleza kwa niaba yake, mwombeni kwa adabu amwachie mtoto. Swali la tatu: viongozi wa watoto huchaguliwaje, na hukaa muda gani madarakani. Swali la nne: walimu hulipwa mshahara wao kwa wakati? Kwa maana mwalimu anayedai mishahara ya miezi mitatu hawezi kumfundisha mtoto wenu kwamba ahadi ni deni. Wala msione haya kuuliza kwa sababu mmevaa viatu vya kazi au Kiingereza chenu si cha ofisini. Ulizeni kwa Kiswahili. Kinasomeshwa sasa katika kidato cha kwanza, na mwalimu atakielewa.

Na yule askari ambaye mwanawe yuko katika shule ya serikali, au katika shule ya kambi, asidhani kwamba maneno haya hayamhusu kwa kuwa halipi karo kubwa. Daftari la kurasa 48 ni bei nafuu. Mama auzaye mandazi kambini aweza kumpa binti yake wa darasa la sita kazi ya kuandika unga, mafuta, kuni na mauzo ya kila siku. Baada ya mwezi mmoja wote wawili watajua kama mandazi yanawalisha au wao ndio wanaoyalisha mandazi. Baba aliye mbali Moroto au ng'ambo, badala ya kuuliza kwa simu kama fedha imefika tu, amwombe mtoto amsomee ukurasa wa mwisho. Hapo baba atakuwa amemfunza mwanawe uongozi hata akiwa lindoni. Na kamati ya wazazi ya shule ya kambi yaweza kumwomba mtunza stoo wa kikosi, mtu aliyezoea kuhesabu kila blanketi, aje alasiri moja kuwafundisha watoto namna ya kupokea na kukabidhi. Hakuna mfadhili anayehitajika kwa hilo.

Ipo siku watoto hawa watakabidhiwa vitu vikubwa kuliko kuku ishirini. Mmoja atakabidhiwa kituo cha polisi, mwingine kikosi, mwingine kiwanda huko Jinja, mwingine ghala la kahawa huko Mbale. Tumekwisha kuona katika nchi hii mambo yatokeayo mtu anapokabidhiwa kitu kikubwa hali hajapata kukabidhiwa kidogo. Duka la 1972 lilikuwa na rafu zilizojaa na halikuwa na mtu wa kuandika. Heri mtoto aanze leo na rafu moja na daftari moja.